GARI LA MAONYESHO: SI JIPYA, SI KUUKUU
Jinsi punguzo la kodi la Marekani lilivyowafikia wafanyakazi wengine na kuwapita wengine



Safari hii tunawaletea habari ya kodi na magari ya umeme huko Marekani. Huenda ndugu mmoja akauliza: sisi wachuma chai na watu wa viwandani tunahusika vipi na magari ya umeme ya Wamarekani? Tunahusika kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni jamaa zetu. Watu wengi waliotoka Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda, wamepokewa Marekani kama wakimbizi. Wengi wao leo ni wafanyakazi kama sisi, katika viwanda vya nyama, katika maghala na katika mahospitali. Katika miji mingi ya huko kiwanda kiko mbali na nyumba za wafanyakazi, na zamu ya usiku humalizika wakati basi halijaanza kutembea. Kwa mtu kama huyo gari si fahari. Gari kwake ni chombo cha kazi, kama panga lilivyo kwa mkata mkonge.

Sababu ya pili ni kwamba habari hii ina fundisho kwa mfanyakazi wa nchi yoyote. Inaonyesha jinsi haki iliyoandikwa katika sheria inavyoweza kumpita mtu mlangoni pake kwa sababu ya karatasi moja tu.

SHERIA YENYEWE

Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoitwa Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei. Ndani yake mlikuwa na punguzo la kodi kwa mtu anayenunua gari la umeme. Mafungu yaliyowahusu wanunuzi wa kawaida yalikuwa mawili.

Fungu la kwanza lilikuwa la magari mapya. Mnunuzi aliweza kupata hadi dola 7,500. Fungu la pili lilianza tarehe 1 Januari 2023, nalo lilikuwa la magari yaliyokwisha tumika. Hapo mnunuzi alipata asilimia 30 ya bei, lakini isizidi dola 4,000. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kuu ya Marekani kumkumbuka mnunuzi wa gari kuukuu la umeme. Kabla ya hapo nafuu yote ilikwenda kwa mwenye uwezo wa kununua jipya.

Hebu tuelewane kwanza juu ya neno punguzo la kodi. Si zawadi ya bure, wala si kupunguza pato linalotozwa kodi. Ni kupunguza kodi yenyewe, dola kwa dola. Ukidaiwa kodi ya dola 5,000 na una punguzo la 4,000, unalipa 1,000.

MASHARTI YA GARI KUUKUU

Ili gari lililotumika lipate punguzo, masharti yalikuwa haya:

1. Bei isizidi dola 25,000. Katika bei hiyo zilihesabiwa ada zote ambazo muuzaji mwenyewe aliziongeza. Hazikuhesabiwa kodi na ada za kuandikisha gari zinazotakiwa na sheria.

2. Modeli ya gari iwe na umri wa angalau miaka miwili nyuma ya mwaka wa kununua. Aliyenunua mwaka 2025 alitakiwa achukue modeli ya 2023 au ya nyuma zaidi.

3. Gari linunuliwe kwa muuza magari mwenye leseni. Ukinunua kwa jirani yako, hupati kitu.

4. Gari liwe halijapata kuuzwa kwa mtumiaji wa pili tangu tarehe 16 Agosti 2022. Yaani kila gari lilikuwa na nafasi moja tu ya punguzo hili.

5. Mnunuzi asiwe ndiye mwenyewe wa kwanza wa gari, asiwe mtu anayetegemea kodi ya mwingine, na asiwe amekwisha pata punguzo la namna hii katika miaka mitatu iliyopita.

6. Pato lake la mwaka lisizidi dola 75,000 kama yuko peke yake, 112,500 kama ni mkuu wa familia asiye na mwenzi, au 150,000 kwa mume na mke wanaopeleka hesabu pamoja. Sheria ilimruhusu kutumia pato la mwaka ule ule au la mwaka uliotangulia, lile lililo dogo.

Ndugu, angalieni sharti la kwanza. Mtu akipatana gari kwa dola 24,900, kisha muuzaji akaongeza ada yake ya makaratasi ya dola 200, bei imefika 25,100. Kwa dola mia moja tu zilizozidi, dola 4,000 zimepotea zote. Hapakuwa na punguzo la nusu. Na hata kama mnunuzi alitoa gari lake la zamani kama sehemu ya malipo, bei ilihesabiwa kabla ya kulitoa hilo la zamani.

MASHARTI YA GARI JIPYA

Kwa gari jipya mlango wa pato ulikuwa mpana zaidi: dola 150,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa mume na mke. Lakini gari lenyewe lilipimwa kwa ukali. Lilitakiwa liwe limeunganishwa Amerika ya Kaskazini. Bei ya kibandiko ya kiwanda isizidi dola 55,000 kwa gari dogo, na 80,000 kwa pikapu na magari makubwa ya familia. Baadaye, kuanzia tarehe 18 Aprili 2023, yaliongezwa masharti ya madini na vipuri vya betri, na magari mengi yakaondoka katika orodha.

Hapa pana jambo liliwatatiza wengi. Kwa gari kuukuu ilitazamwa bei uliyolipa. Kwa gari jipya ilitazamwa bei ya kibandiko, hata kama muuzaji alikupunguzia. Gari dogo lenye kibandiko cha dola 57,000 likiuzwa kwa 50,000 bado lilikosa.

Sharti kubwa kupita yote kwa gari jipya ni kwamba matumizi ya kwanza yawe ya mnunuzi mwenyewe. Na hapa ndipo linapoingia gari la maonyesho.

GARI LA MAONYESHO NI LIPI?

Kila duka la magari lina magari ambayo wateja huyaendesha kuyajaribu kabla hawajanunua. Mameneja na wauzaji nao huyaendesha. Baada ya miezi kadhaa gari kama hilo limekwenda maili elfu tatu au nne, nalo huuzwa kwa bei nafuu. Kadhalika yako magari ya kuazima, ambayo duka humpa mteja wakati gari lake liko gereji. Haya yote humvutia mfanyakazi, maana hung'aa kama mapya na bei imeteremka.

Je, gari hilo ni jipya au ni kuukuu? Macho hayawezi kujibu. Hata mita ya maili haiwezi kujibu. Jibu liko katika hati.

Kama gari lilijaribiwa tu na wateja, na halijapata kuuzwa wala kuandikishwa kwa jina la mtu au la kampuni yoyote, basi kwa sheria lilikuwa jipya. Maili zake hazikuliondolea upya huo. Mnunuzi alikuwa mtumiaji wa kwanza, na aliweza kudai punguzo la gari jipya ikiwa masharti mengine yametimia.

Lakini kama duka lilikwisha liandikisha gari kwa jina lake lenyewe, au lilikwisha kodishwa kwa mtu, basi matumizi ya kwanza yamekwisha kuchukuliwa na mwingine. Gari hilo si jipya tena, hata kama plastiki ya viti haijabanduliwa.

Ndugu msomaji atasema: vema, kama si jipya, basi nitadai punguzo la gari kuukuu. Hapo ndipo penye shimo. Tuchukue mfano. Mfanyakazi amenunua mwezi Juni 2025 gari la modeli ya 2025, la kuazima wateja, lililoandikishwa kwa jina la duka. Bei ni dola 24,000. Pato lake ni dogo. Je, ni jipya? Hapana, duka ndilo lililoanza kulitumia. Je, ni kuukuu? Hapana, maana modeli yake haijafikisha miaka miwili. Basi amekosa huku na huku. Punguzo lake ni sifuri.

Kando ya gari hilo, katika uwanja ule ule, lingeweza kuwapo la modeli ya 2023 kwa bei ile ile ya dola 24,000, na hilo likastahili dola 4,000. Na lingeweza kuwapo la tatu, la maonyesho lakini halijaandikishwa, la aina iliyomo katika orodha, na hilo likastahili hadi dola 7,500. Magari matatu yanafanana kama vifaranga vya kuku mmoja. Kilichoyatenga ni hati.

Sisi tulioko mashambani na viwandani tunalijua jambo hili vizuri. Mtu anafanya kazi miaka kumi katika kiwanda kimoja, mashine anaijua kuliko injinia, lakini katika daftari la ofisi ameandikwa kibarua. Siku ya kupunguzwa kazi hapati kiinua mgongo. Mikono yake ni ya mtu wa kudumu, karatasi yake ni ya mpita njia. Na mchuma chai je? Kilo ambazo karani hakuziandika kwenye mzani hazilipwi, hata kama kikapu kilijaa hadi juu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KODI NDOGO, NAFUU NDOGO

Iko dosari nyingine iliyomwumiza mtu wa kipato kidogo, nayo ilikuwa ndani ya sheria tangu mwanzo. Punguzo hili halikurudishwa fedha taslimu kwa mtu ambaye kodi yake ni ndogo. Mfanyakazi mwenye watoto wanne, ambaye kodi yake ya mwaka ni dola 1,500, akiwa na punguzo la 4,000, alipata 1,500 tu. Zile 2,500 zilipotea, wala hakuweza kuzipeleka mwaka wa pili. Lakini mtu mwenye mshahara mkubwa, ambaye kodi yake ni kubwa, alipata zote. Yaani aliye nacho ndiye aliyeongezewa.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 jambo hili lilirekebishwa kwa kiasi kikubwa. Mnunuzi aliruhusiwa kumkabidhi muuzaji punguzo lake, na muuzaji akampunguzia bei au akampa fedha hapo hapo. Idara ya Mapato ikamlipa muuzaji. Aliyefuata njia hii alipata dola zote 4,000, hata kama kodi yake ilikuwa ndogo, wala hakudaiwa kuzirudisha kwa sababu ya udogo wa kodi hiyo. Alidaiwa kuzirudisha tu ikiwa pato lake lilipita kiwango.

Kwa hiyo wafanyakazi wawili wenye mshahara sawa, wanaonunua magari sawa siku moja, waliweza kupata kiasi tofauti. Aliyejua alikabidhi punguzo dukani na kupata zote. Asiyejua alingoja kujaza fomu na kupata sehemu tu. Na haikuwa kwa kila duka, maana muuzaji alitakiwa kwanza ajiandikishe katika mtambo wa Idara ya Mapato. Tena kila muuzaji alipaswa kupeleka taarifa ya mauzo ndani ya siku tatu na kumpa mnunuzi nakala. Bila taarifa hiyo, mnunuzi hakuwa na kitu cha kuonyesha.

VYAMA VYA WAFANYAKAZI VILITAKA NINI?

Wenzetu wa chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, hawakukaa kimya wakati sheria hii ilipokuwa ikitayarishwa. Mswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi mwezi Novemba 2021 ulikuwa na nyongeza ya dola 4,500 kwa gari jipya lililounganishwa Marekani katika kiwanda chenye mkataba wa chama. Makampuni yasiyotaka chama viwandani mwao yalipiga kelele. Katika Baraza la Seneti, Seneta Joe Manchin wa West Virginia alipinga, na sheria ya 2022 ilipotoka nyongeza hiyo haikuwamo.

Wachimba madini wa Kongo nao wamo katika habari hii. Nchi ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka katika eneo la Kolwezi. Kobalti hiyo huingia katika betri nyingi za magari. Lakini ili gari jipya lipate nusu moja ya punguzo, yaani dola 3,750, sehemu fulani ya thamani ya madini ya betri ilitakiwa iwe imechimbwa au imesafishwa Marekani, au katika nchi zenye mkataba wa biashara huria na Marekani. Mwaka 2023 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 40, mwaka 2024 asilimia 50, na mwaka 2025 asilimia 60. Kongo haina mkataba kama huo. Basi kobalti yake ilihesabika tu ikiwa ilikwenda kusafishwa katika nchi hizo. Jasho la mchimbaji limo ndani ya betri, lakini faida ya karatasi ilikwenda kwa mwenye kiwanda cha kusafishia. Kwa gari kuukuu, swali la madini halikuulizwa kabisa.

MLANGO UMEFUNGWA, LAKINI YAPO YALIYOBAKI

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria nyingine iliyofuta mapunguzo haya. Magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025 hayapati tena, liwe jipya au kuukuu. Ila mtu aliyekuwa amefunga mkataba wa maandishi na kutoa malipo yoyote kufikia siku hiyo, alihesabiwa amewahi, hata kama gari alilipokea baadaye.

Basi tunawaomba wenye jamaa huko wawapelekee maneno haya:

Aliyenunua kabla ya mlango kufungwa anapaswa kujaza Fomu 8936 katika hesabu ya kodi ya mwaka aliopokea gari, hata kama punguzo alilikabidhi dukani. Aliyestahili na hakudai, kwa kawaida sheria ya huko humpa miaka mitatu tangu alipopeleka hesabu ili airekebishe. Atafute nakala ya taarifa ya mauzo, mkataba wenye tarehe, na nambari ya chasisi.

Tena, swali la gari la maonyesho halikufa pamoja na punguzo. Sheria hiyo ya 2025 imeleta nafuu nyingine kwa riba ya mkopo wa gari, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Mkopo uwe umechukuliwa baada ya tarehe 31 Desemba 2024, na gari liwe limeunganishwa Marekani yenyewe. Si lazima liwe la umeme. Mtu aweza kutoa hadi dola 10,000 za riba kwa mwaka katika pato linalotozwa kodi. Nafuu huanza kupungua kwa mwenye pato linalozidi dola 100,000, au 200,000 kwa mume na mke. Lakini angalieni: gari ni lazima liwe jipya, na matumizi ya kwanza yawe ya mnunuzi. Kwa hiyo lile gari la kuazima lililoandikishwa kwa jina la duka linakosa hapa pia.

Wala mtu asidanganywe na ukubwa wa tarakimu hiyo. Hii si kupunguza kodi dola kwa dola. Ni kupunguza pato. Aliyelipa riba ya dola 2,000, na anatozwa kodi ya asilimia 12, nafuu yake ni dola 240.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Mfanyakazi anayekwenda kununua gari la maonyesho aulize haya kabla ya kutia saini:

Je, gari hili limepata kuandikishwa au kupewa hati kwa jina la yeyote, pamoja na duka lenyewe? Nionyeshe kwa maandishi.

Je, limepata kukodishwa au kuazimwa kwa mteja?

Bei ya mwisho ni kiasi gani pamoja na ada zenu zote?

Mkataba wenu unasema ni gari jipya au lililotumika?

Muuzaji akijibu kwa mdomo tu na kukataa kuandika, basi amekwisha jibu. Tena mtu asiende peke yake. Aende na mwenzake anayeijua lugha na anayejua kusoma mkataba. Mwajiri humshinda kwa urahisi anayekwenda ofisini peke yake, na muuza magari ni vivyo hivyo.

FUNDISHO KWETU

Nchi zetu nazo zimeanza kutoa misamaha ya kodi kwa vyombo vya umeme. Rwanda ilitangaza mwaka 2021 kuondoa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwa magari hayo. Ni jambo zuri. Lakini msamaha unaotolewa bandarini au mpakani humfikia kwanza mwenye kuagiza gari. Kama utamfikia dereva wa pikipiki au mfanyakazi wa kiwandani, hilo hutegemea kama bei imeteremka kweli dukani. Chama ndicho kinachopaswa kuuliza swali hilo, maana mtu mmoja mmoja hasikiki.

Kwa hiyo kila tawi litakaposikia tangazo la nafuu yoyote, iwe ya kodi, ya mbolea, ya nauli au ya matibabu, mwakilishi wa tawi asishangilie tangazo tu. Atafute masharti. Aulize: ni nani anayestahili, ni karatasi gani inayotakiwa, ni nani anayeiandika, na siku ya mwisho ni lini? Kisha ayasome majibu mbele ya mkutano wa wanachama, kwa lugha wanayoielewa wote, na kuyabandika ukutani penye mzani na penye lango la kiwanda, mahali ambapo kila mfanyakazi hupita.